Tutajuaje kama kipindi kinasikilizwa hadi mwisho? Kupima video na sauti zilizopachikwa kwenye tovuti ya redio

Bint Pangani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia tovuti ya redio ya jamii mkoani Tanga, na ninaomba msaada wenu kuhusu jambo lililonikwamisha. Tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, na kila kipindi kina ukurasa wake. Baadhi ya kurasa zina video ya YouTube iliyopachikwa, nyingine zina faili la mp3 linalotoka kwenye seva yetu wenyewe na kuchezwa kwa tagi ya kawaida ya audio, na zile za vipindi vya zamani zina kicheza cha SoundCloud. Juu ya kila ukurasa kuna pia kitufe cha kusikiliza matangazo ya moja kwa moja.

Tumeunganisha Google Analytics 4, mfumo wa takwimu za tovuti, kupitia Google Tag Manager, chombo cha kuweka misimbo ya upimaji kwenye kurasa, na upimaji ulioboreshwa (enhanced measurement, unaorekodi matukio bila kuandika msimbo) umewashwa pamoja na sehemu yake ya video. Hata hivyo, ripoti ya matukio haionyeshi video_start (video imeanza) wala video_progress (video inaendelea) hata moja, ilhali wasikilizaji wanatupigia simu na kuzungumzia mambo waliyoyaona kwenye video hizo hizo. Nilijaribu kutega mibofyo kwa kutumia Tag Manager, nikakuta kwamba mbofyo wowote mahali pengine pa ukurasa unanaswa, lakini ule unaofanyika juu ya video haunaswi kabisa. Kuhusu sauti, hatuna taarifa yoyote.

Naomba nieleze pia kwa nini tunalihitaji jambo hili. Tuna kipindi cha afya ya mama na mtoto chenye urefu wa dakika 45. Katika dakika 15 za mwisho daktari hujibu maswali ya wasikilizaji, na sisi tunaamini kwamba hapo ndipo penye manufaa makubwa zaidi. Mhariri wetu anataka kujua kama wanaofungua kipindi hicho mtandaoni wanafika kwenye majibu hayo, au wanaondoka kabla, kwa sababu kama hawafiki tutakigawa vipande viwili. Ripoti inatuambia kwamba wastani wa muda wa ushiriki katika ukurasa huo ni mfupi mno, na baadhi ya wenzangu wameanza kusema kipindi hakina wasikilizaji mtandaoni. Je, takwimu hiyo inatosha kutufanya tuamue hivyo?

Fundi Msimbo alijibu:

Dada Bint Pangani, karibu. Nianze na mbofyo usioonekana, kwa sababu ukishaelewa chanzo chake, mengine yatakuwa mepesi.

Video ya YouTube unayoiona ndani ya ukurasa wenu si sehemu ya ukurasa wenu. Ni ukurasa mwingine kamili, kutoka youtube.com, uliowekwa ndani ya fremu kwa tagi ya iframe. Vivinjari vyote vina kanuni ya usalama inayozuia msimbo wa tovuti moja kusoma au kusikiliza yanayotokea ndani ya ukurasa uliotoka tovuti nyingine, na ni kanuni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo tovuti yoyote ingeweza kupachika ukurasa wa benki yako na kusoma unachokiandika humo. Kwa hiyo Tag Manager haijaharibika. Mbofyo ule umetokea katika ukurasa ambao Tag Manager haina ruhusa ya kuusikiliza.

Njia halali iliyopo ni kumwomba mwenye fremu akutumie habari. Vivinjari vina utaratibu uitwao postMessage, unaoruhusu kurasa mbili za asili tofauti kupelekeana ujumbe zikikubaliana. YouTube wamejenga juu yake kiolesura chao kiitwacho IFrame Player API, ambacho hutangaza hali ya kicheza kwa namba: 1 maana yake video inacheza, 2 imesimamishwa, 3 inasubiri data, na 0 imekwisha. Upimaji ulioboreshwa wa Google Analytics 4 unategemea kiolesura hicho hicho. Sharti lake ni kwamba anwani ya video ndani ya fremu iwe na kigezo enablejsapi=1, na kigezo hicho kikikosekana, kicheza kinanyamaza na hakuna tukio litakalorekodiwa.

Hapo ndipo nadhani mmekwama. Mkipachika video katika WordPress kwa kubandika kiungo peke yake kwenye mstari, mfumo huzalisha fremu yenye anwani inayoishia na ?feature=oembed, bila enablejsapi. Fungua ukurasa mmoja, angalia msimbo wake, utathibitisha. Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kuongeza kwenye mandhari yenu kichujio (filter, msimbo mfupi unaobadilisha kinachozalishwa na WordPress) cha embed_oembed_html ambacho kinaitafuta feature=oembed ndani ya anwani za YouTube na kuibadilisha iwe feature=oembed&enablejsapi=1, nacho kitazigusa hata video zilizopachikwa zamani bila mtu kuzihariri moja moja. Ya pili ni kutumia kichochezi (trigger) cha video za YouTube kilichomo ndani ya Tag Manager, na kuweka alama kwenye kisanduku kinachoongeza msaada wa API kwa video zote za ukurasa. Kisanduku hicho kinafanya kazi, lakini hubadilisha anwani ya fremu baada ya kupakiwa, kwa hiyo fremu hupakiwa upya, na kwa msikilizaji anayetumia bando dogo si jambo la kupuuza. Mimi napendekeza kichujio.

Chagua mfumo mmoja tu wa kupima video. Mkiacha upimaji ulioboreshwa ukiwa umewashwa, kisha mkaongeza kichochezi cha Tag Manager kinachotuma matukio yenye majina yale yale, kila mtazamaji atahesabiwa mara mbili, na takwimu zitapendeza bila kuwa za kweli. Kwa mahitaji ya mhariri wenu ningezima sehemu ya video katika upimaji ulioboreshwa na kutumia kichochezi cha Tag Manager, kwa sababu upimaji ulioboreshwa una vituo vinne tu visivyobadilika, yaani asilimia 10, 25, 50 na 75, wakati kichochezi kinakuruhusu kuweka vituo kwa sekunde. Kama majibu ya daktari yanaanza dakika ya 30, weka kituo kwenye sekunde ya 1800 na kingine mbele yake, utapata kitu kinachokaribiana na swali lenyewe.

SoundCloud nao wana kiolesura chao, ambacho msimbo wake hupakiwa kutoka w.soundcloud.com/player/api.js, na hutangaza matukio ya PLAY, PAUSE, FINISH na PLAY_PROGRESS. Tag Manager haina kichochezi kilicho tayari kwa ajili yake, kwa hiyo itabidi uandike msimbo mfupi unaosikiliza matukio hayo na kuyasukuma kwenye dataLayer, orodha ambayo Tag Manager husoma matukio yake.

Mzee wa Takwimu alijibu:

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema Fundi Msimbo, nami naomba nijikite kwenye sauti na kwenye ile takwimu inayowatia wenzako wasiwasi, kwa sababu redio inaweza kukifuta kipindi kizuri kwa kusoma vibaya namba moja.

Muda wa ushiriki katika Google Analytics 4 ni muda ambao ukurasa ulikuwa mbele ya macho ya mtumiaji. Mtu akihamia kichupo kingine, akifungua WhatsApp, au akizima kioo cha simu, saa ya ushiriki inasimama. Sasa fikiria namna msikilizaji wa redio anavyosikiliza: anabonyeza kitufe, anazima kioo, anaiweka simu kando na kuendelea na kazi zake. Anaweza kusikiliza dakika zote 45 huku mfumo ukiandika kwamba alishiriki kwa sekunde chache. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya kurasa zinazosomwa, na kwa ukurasa wa sauti hakitoi jibu la swali lenu kwa upande wowote. Waambie wenzako wasikitumie kabisa katika mjadala huu.

Jambo linaloambatana na hilo ni kikao, yaani ziara moja ya mtumiaji kwenye tovuti. Kikao hufungwa baada ya dakika 30 zisizo na tukio lolote, isipokuwa muwe mmebadilisha mpangilio huo. Msikilizaji wa kipindi cha dakika 45 ambaye hakugusa simu atakuwa amefungiwa kikao chake akiwa bado anasikiliza, na akirudi kuufungua ukurasa mwingine atahesabiwa kuwa ameanza ziara mpya. Mnaweza kuongeza muda huo hadi saa 7 na dakika 55, lakini dawa bora ni kicheza chenyewe kutuma tukio mara kwa mara kadiri sauti inavyoendelea kuchezwa.

Kwa faili zenu za mp3 mna bahati kubwa: tagi ya audio iko ndani ya ukurasa wenu, hakuna fremu ya mtu mwingine katikati, kwa hiyo mnaweza kujua kila kitu. Matukio ya play, pause, timeupdate na ended yanatolewa na kivinjari chenyewe. Angalizo ni kwamba matukio haya hayapandi kutoka kwenye tagi kwenda juu ya ukurasa kama mibofyo inavyopanda, na ndiyo sababu wengi huweka msimbo wa kusikiliza matukio kwenye document, yaani ukurasa mzima, na kubaki hawapati kitu. Ukiandika addEventListener kwa document na kuweka true kama kigezo cha tatu, utayanasa yakiwa njiani kushuka, na msimbo mmoja utatosha kwa vicheza vyote vya tovuti.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la asilimia, kwa sababu karibu mafunzo yote ya mtandaoni yanaishia hapo. Tukio linalosema msikilizaji amefika asilimia 75 linaeleza mahali sindano ilipofika, na halielezi alichosikia. Mtu aliyeburuta moja kwa moja hadi dakika ya 40 ili asikie salamu za mwisho, na mtu aliyetulia akasikiliza tangu mwanzo, wote wawili wamefika mbali. Kwa mhariri anayetaka kujua kama majibu ya daktari yalisikika, hao ni watu wawili tofauti kabisa. Kivinjari kinaweza kuwatofautisha. Kila tagi ya audio na video ina sifa iitwayo played, ambayo ni orodha ya vipande vya wakati vilivyochezwa kweli, kila kimoja kikiwa na mwanzo na mwisho wake. Aliyeburuta atakuwa na kipande kifupi kinachoanzia dakika ya 40, na aliyetulia atakuwa na kipande kimoja kirefu. Sehemu iliyorudiwa haihesabiwi mara mbili, na kwa swali lenu hilo ni jema.

Ningefanya hivi. Ningekigawa kipindi cha dakika 45 katika vipande tisa vya dakika tano tano. Kila baada ya dakika moja, na pia wakati wa pause na ended, msimbo unaisoma sifa ya played, na ukikuta kwamba zaidi ya nusu ya kipande fulani imechezwa, unatuma tukio moja, mfano kipande_kimesikika, likiwa na namba ya kipande na jina la kipindi, kisha unaweka kumbukumbu ili kipande hicho kisitumwe tena. Mwisho wa mwezi mhariri atapata safu tisa zinazomwonyesha watu walivyopungua kutoka kipande cha kwanza hadi cha tisa, na hapo ndipo mtaamua kukigawa kipindi au kukiacha.

Kuna kosa moja ambalo ningependa mlikwepe mapema. Waandishi wengi wa msimbo hushauri kutuma taarifa za mwisho wakati ukurasa unapofichika, kwa tukio la visibilitychange, kwa kuwa simu nyingi huua kichupo bila kutoa taarifa nyingine yoyote. Ushauri huo ni sahihi, ila kwenye sauti kufichika kwa ukurasa si mwisho wa usikilizaji. Tumeni kilichopo wakati huo, lakini msifunge hesabu, na kama mnatuma sekunde badala ya vipande, tumeni zile tu zilizoongezeka tangu mara ya mwisho. Mkituma jumla kila mara, Google Analytics itazijumlisha tena na mtapata msikilizaji aliyesikiliza saa tatu za kipindi cha dakika 45.

Bint Pangani aliandika:

Nawashukuru sana, Mzee wa Takwimu na Fundi Msimbo. Nimeongeza kichujio, na katika DebugView, sehemu ya Google Analytics ya kuangalia matukio yanapoingia, matukio ya video_start na video_progress sasa yanaonekana. Nimebaki na mambo matatu. Kwanza, asilimia ninaiona katika DebugView lakini siioni popote kwenye ripoti za kawaida. Pili, katika ukurasa wa mwanzo tunaonyesha picha tu ya video, na fremu hupachikwa pale mtu anapoibofya, ili kuwapunguzia wasikilizaji matumizi ya data. Video hizo bado haziandiki kitu. Tatu, kuhusu matangazo ya moja kwa moja sijui nianzie wapi, kwa sababu hayana mwisho ambao naweza kuutolea asilimia.

Fundi Msimbo alijibu:

La kwanza ni la usajili. Jina la video, anwani yake na jina la mtoa huduma vinatambuliwa na ripoti moja kwa moja, lakini video_percent na kigezo chochote mnachokibuni wenyewe lazima visajiliwe katika sehemu ya ufafanuzi maalumu, ndani ya ukurasa wa usimamizi. Kila property ya bure (yaani tovuti mliyoifungulia upimaji ndani ya akaunti) ina nafasi 50 za sifa maalumu za matukio (custom dimensions) na 50 za vipimo maalumu (custom metrics). Sajili leo hii hata kama msimbo haujakamilika, kwa sababu usajili haurudi nyuma. Data iliyoingia kabla yake haitaonekana katika ripoti chini ya sifa hiyo.

Wakati wa kusajili, fikirieni aina ya thamani. Sekunde zilizosikilizwa zisajiliwe kama kipimo, yaani namba inayojumlishwa, na kamwe zisiwe sifa. Sifa yenye thamani tofauti zaidi ya 500 kwa siku moja inahesabiwa kuwa na thamani nyingi mno, na ripoti huanza kuzirundika safu zilizozidi katika kundi moja la mengineyo. Ndiyo maana wazo la vipande tisa ni zuri kuliko kutuma sekunde kamili. Jina la kipindi nalo lisizidi herufi 100, kwa kuwa kinachozidi hapo hukatwa. Majina kama ya vipindi vyenu maalumu, yenye tarehe na wageni wote, yatapotea mkia. Tumieni kifupi cha kudumu, kama afya-mama-012, na mwenye kutaka jina refu atalitafuta kwenye orodha yenu.

Kuhusu picha inayogeuka kuwa video, tatizo ni kwamba wakati ukurasa unapakiwa hakuna fremu yoyote ya YouTube, kwa hiyo Tag Manager haioni sababu ya kuuleta msimbo wa API. Fremu inapokuja baadaye, hakuna anayeisikiliza. Ipakieni wenyewe hati ya www.youtube.com/iframe_api katika kurasa hizo, hakikisheni fremu inayoundwa na mbofyo inabeba enablejsapi=1, kisha jaribuni kwa modi ya onyesho la awali (Preview) ya Tag Manager. Msiiondoe ile picha kwa ajili ya takwimu. Inawasaidia wasikilizaji wenu moja kwa moja kwenye bando lao.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni muda wa kuhifadhi data. Katika sehemu ya uchunguzi wa kina (Explorations), mpangilio wa awali huhifadhi data ya matukio kwa miezi miwili tu. Badilisheni iwe miezi 14, ama sivyo mhariri akitaka kulinganisha msimu huu na uliopita hatakuta kitu.

Mwanasheria wa Mtandao aliandika:

Naomba niongeze neno fupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia huwataka wakusanyaji wa taarifa binafsi kujisajili. Kipindi chenu kinahusu afya ya mama na mtoto, na taarifa za afya ni nyeti. Hata bila jina la mtu, kuunganisha kitambulisho cha kivinjari na mada ya ugonjwa aliousikiliza si jambo dogo. Kwa hiyo msitume kwenye matukio yenu namba ya simu, jina, wala utambulisho wa mtu aliyeingia kwa akaunti. Masharti ya Google Analytics yenyewe yanakataza kutuma taarifa zinazomtambulisha mtu. Waelezeni wasikilizaji mnachopima kwa Kiswahili kinachoeleweka, na msianze kupima kabla hawajakubali. Kama mna wasikilizaji walioko Ulaya, sharti la ridhaa kabla ya kuweka vidakuzi (cookies) ni kali zaidi, na kumbukeni kwamba fremu ya YouTube nayo inaweza kuweka vidakuzi vyake. Ile picha ya kubofya ambayo Fundi Msimbo ameitetea kwa sababu ya bando, mimi naitetea kwa sababu hii pia: YouTube haipati habari za mtu ambaye hakuichagua video.

Mzee wa Takwimu alijibu:

Nimalizie la matangazo ya moja kwa moja. Mkondo wa moja kwa moja hauna urefu. Mkiuliza duration ya tagi ya audio mtajibiwa Infinity, na msimbo wowote unaogawanya kwa urefu utatoa upuuzi. Swali sahihi hapa ni watu wangapi walikuwa wakisikiliza saa fulani, na kila mmoja alikaa kwa muda gani.

Tumeni tukio moja linapoanza kuchezwa, kisha tukio la mpigo kila baada ya dakika tano maadamu sauti inaendelea, likiwa na kigezo cha jina la kipindi kilichoko hewani wakati huo. Dakika tano zinatosha kukilinda kikao kisifungwe. Mpigo wa kila sekunde kumi, ambao wengine huupenda, utawajazia ripoti, na siku mtakapotaka kupeleka data BigQuery, hifadhidata ya Google ya uchambuzi, mtagonga ukomo wa matukio milioni 1 kwa siku wa property za bure, iwapo wasikilizaji wenu ni wengi.

Hakikisheni kwamba mpigo unatumwa pale tu currentTime, yaani mahali sauti ilipofika, imesogea tangu mpigo uliopita. Mtandao ukikatika, kicheza kinaweza kuendelea kudai kuwa kinacheza huku msikilizaji akisikia kimya, na kwa maeneo mengi ya mkoa wenu hilo litatokea kila siku. Yarekodini pia matukio ya waiting na stalled (kicheza kinaposubiri data, au data inapokwama) kama tukio tofauti. Mkikuta kwamba waliokatikiwa ni wengi saa za jioni, mtakuwa mmejua jambo ambalo mhariri hawezi kulirekebisha kwa kukigawa kipindi, na mazungumzo yatahamia kwenye ubora wa mkondo: labda mtoe mkondo wa pili wenye ukubwa mdogo kwa walio na mtandao hafifu.

Mwisho, linganisheni namba zenu na kumbukumbu za seva ya matangazo. Kama ni Icecast, programu ya seva ya kurusha sauti mtandaoni, huandika kila aliyeunganishwa na muda aliokaa, wakiwemo wanaosikiliza kwa programu nyingine nje ya tovuti na wale waliokataa vidakuzi. Namba za seva zitakuwa kubwa kuliko za Google Analytics, na hilo halimaanishi kuna kosa. Kinachopaswa kuwashtua ni pale mistari miwili inapoacha kupanda na kushuka pamoja.